Kabati Lililotaka Kutugombanisha

Mwezi huu nilipanga kuandika kuhusu bajeti ya harusi, maana meseji zenu juu ya hilo ni nyingi na kamati zinaendelea kuwakamua. Samahanini sana, harusi itasubiri. Nyumbani kwangu kulikuwa na vita, na vita vyenyewe, amini usiamini, vilianzishwa na kabati la nguo. Au niseme vilianzishwa na kukosekana kwake.

Wale wa siku nyingi mnajua kwamba mwaka juzi nilimfuata mume wangu Mpanda. Kazi ilimrudisha kwao, nami nikabeba kompyuta yangu nikasema kurasa zinaweza kuhaririwa popote penye mtandao. Mashoga zangu wa Dar walinililia kama nakwenda jela. "Mpanda ndiyo wapi tena jamani?" Nikawaambia ni makao makuu ya mkoa wa Katavi, ule uliokatwa kutoka Rukwa mwaka 2012, kwenye hifadhi yenye viboko wanaobanana kwenye madimbwi wakati wa kiangazi kama abiria wa daladala ya Mbagala. Mmoja akaniuliza kama kuna saluni. Zipo, tena nzuri!

Tunaishi kwenye nyumba ya wazee wake. Baba mkwe, Mungu amrehemu, alifanya kazi reli. Reli yenyewe, kwa msiojua, ni tawi linalotoka Kaliua, ambalo lilifika hapa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa sababu ya mgodi wa madini ya risasi wa kampuni ya Uruwira Minerals. Mgodi ulifungwa zamani, lakini mji ulishazaliwa, na watu wa reli walishajenga. Mzee alijenga kidogo kidogo kwa mshahara wake: matofali ya kuchoma, kuta nene, madirisha madogo, na kati ya tofali na tofali udongo badala ya saruji. Kumbuka hilo la udongo, tutalirudia.

Nyumba kama hizi hazina kabati hata moja, na si kwamba waliojenga walisahau. Nguo zenyewe zilikuwa ngapi? Mume wangu anasimulia kwamba yeye na kaka zake watatu walikuwa na sanduku moja la bati chini ya kitanda, na ukutani misumari minne, kila mtu na msumari wake. Nguo za Krismasi zilikaa chumbani kwa mama yao pamoja na vidonge vya naftalini, na kuzigusa kabla ya siku ilikuwa kesi kubwa.

Sasa tuje kwenye vita.

Januari mwaka huu alikuja kuishi nasi binti wa mume wangu. Ana miaka tisa, na baba yake alimpata kabla hajanifahamu mimi. Nilijua tangu uchumba, hakunificha, na kusema kweli ni moja ya sababu zilizonifanya nimwamini. Mtoto alikuwa kwa bibi yake mzaa mama, Tabora. Kabla ya hapo alikuwa kwa mama yake mkubwa, na kabla ya hapo kwa mama yake mzazi. Bibi sasa miguu haimbebi, ikaonekana zamu ni yetu. Alishuka stendi na begi moja jeusi ambalo zipu yake imekufa, limefungwa kwa kamba ya katani. "Shikamoo anti." Marahaba mwanangu, karibu nyumbani.

Nilijiandaa jamani, msinione hivi. Chumba kilichokuwa stoo nilikipaka rangi mwenyewe. Kitanda, neti mpya, pazia la maua, meza ya kusomea. Kwa upande wa nguo nikanunua lile kabati la kitambaa, la mabomba membamba na zipu, ambalo kila mpangaji wa nchi hii amewahi kulimiliki. Nikajipongeza.

Wiki ya kwanza nguo ziko kwenye begi. Wiki ya pili, kwenye begi. Kila asubuhi mtoto anavuta begi kutoka uvunguni, anatoa sare, sketi imekunjamana kama karatasi ya maandazi, mimi nawasha pasi huku nanung'unika. Mwezi wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha. Nikamwambia baba yake, mwanao hana mpangilio. Naye akanijibu lile jibu ambalo ukiolewa na mwanaume mwenye mtoto utalisikia tu: "Muache kwanza azoee." Azoee mpaka lini?

Jumamosi moja, mtoto yuko twisheni, nikachukua begi nikamwaga kila kitu. Nikafua, nikapiga pasi, nikapanga kwenye kabati la kitambaa kama dukani. Soksi kwa soksi! Aliporudi aliangalia, akasema ahsante anti. Jioni naingia kumwambia chakula tayari, nakuta nguo zote zimerudi kwenye begi, kamba imefungwa fundo mbili.

Hapo ndipo nilipopoteza akili. Nilimwambia, kwa sauti ambayo majirani waliisikia, kwamba hapa ni nyumbani kwa watu, si stendi. Ndiyo, nimeandika kama nilivyosema. Ningeweza kulipamba lakini mimi ndiye mhariri na leo sijihariri. Mtoto hakulia, alikaa tu kitandani na mguu wake juu ya begi. Mume wangu alikuwa mlangoni na alisikia lote. Siku tatu hatukusemeshana zaidi ya "chumvi iko wapi", na ninyi wenye ndoa mnajua kimya cha namna hiyo kinavyotafuna.

Siku ya nne nikampigia bibi wa Tabora. Sikumpigia kwa wema, nilitaka kulalamika. Yule mama akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa upole, "Mwanangu, huyo kahamishwa nyumba mara mbili kabla ya kuja kwako, na mara zote mbili alichukuliwa haraka haraka. Nguo zikabaki. Wakasema watazituma." Hazikutumwa. Ya pili kulikuwa na gauni la kipaimara cha dada yake alilokuwa ameahidiwa akikua.

Nilikata simu nikakaa jikoni muda mrefu.

Jioni nikaenda chumbani kwake, nikakaa chini sakafuni, nikamuuliza tu: wewe ungependa nguo zako zikae wapi? Alifikiri. Akanyanyuka, akalisukuma lile kabati langu kwa kidole kimoja, likayumba lote. "Anti, hili nalo si ni begi tu? Lina zipu."

Wasomaji wangu, nina shahada ya mawasiliano. Miaka mitatu chuoni nikisoma jinsi ujumbe unavyomfikia mlengwa, na mtoto wa darasa la tatu ndiye aliyenionyesha kuwa ujumbe wangu ulisomeka hivi: karibu, lakini usikae sana.

Basi tukaamua, mimi na mume wangu, kwamba tutajenga kabati lisilohamishika. Kuamua ilikuwa dakika tano. Kukubaliana namna ya kujenga ilikuwa wiki mbili.

Yeye alitaka kabati la ndani ya ukuta. Fungate yetu tulikwenda Zanzibar, na pale Mji Mkongwe alipenda sana vidaka, zile nafasi zilizoachwa ukutani za kuwekea vyombo na vitabu. Lamu pia zipo, kwao huitwa zidaka, na kwenye nyumba kubwa za zamani zinapanda ukuta mzima kwa safu. "Kuta zetu si nene vilevile?" ananiambia. "Tunachonga tu." Bajeti ilikuwa laki nne, na kuchonga kulionekana ni bure. Nilishawishika.

Fundi tuliyempata ni mzee wa hapa hapa Makanyagio, mtu wa maneno machache. Alisikiliza hadithi ya Zanzibar yote, akatoa bisibisi mfukoni, akabandua plasta kidogo karibu na sakafu, akachokonoa. Udongo ukamwagika kama unga. Akasema, "Mwanangu, zile za pwani ni mawe ya matumbawe na chokaa, na nafasi waliiacha wakati wanajenga. Huu wako ukiuchonga leo, mnalala wapi kesho?" Ukuta huo ndio uliobeba kenchi za paa. Vidaka vikaishia hapo. Nawaomba na ninyi wenye nyumba za urithi: kabla fundi hajainua nyundo, jueni kwanza ukuta umeunganishwa kwa nini na umebeba nini.

Likabaki kabati la kusimama, la kujengwa pale pale, kati ya kona na dirisha, upana futi tano na juu hadi karibu na dari. Kina ndicho kilichotushinda kukubaliana, maana chumba chenyewe ni futi kumi kwa tisa. Kabati la mtu mzima linataka sentimita 60 ili henga iingie kwa upana wake na mlango ufunge. Nikalalamika kwamba litameza chumba. Fundi akaomba henga ya mtoto, akaipima kwa futi kamba, akasema sentimita 45 zinatosha, na tukiongeza tano hata akiwa kidato cha pili mabega ya nguo zake hayatagusa mlango. Sentimita kumi kwenye chumba kidogo ndizo zinazoruhusu kiti cha kusomea kisogee nyuma.

Halafu mchwa. Aliyeishi kwenye nchi ya miombo anajua. Huku unaweza kulala na stuli ya miguu minne ukaamka na ya mitatu! Fundi alitaka kupaka miguu ya kabati oili chafu ya gari, dawa ya babu na babu. Nikakataa katakata. Mtoto alale na harufu ya gereji? Na ile oili si kitu cha kugusana na ngozi wala nguo. Tulibishana kidogo, kisha akaja na wazo ambalo nalipenda mpaka leo: tusiweke miguu kabisa. Alijenga msingi wa matofali mistari miwili, juu akasawazisha kwa saruji, kabati likakaa hapo. Mchwa hutembea ndani ya vijia vya udongo, hapendi mwanga, kwa hiyo akitaka kupanda itabidi ajenge kijia chake juu ya saruji, nje, mahali unapofagia kila siku. Unakiona, unakibomoa. Na mtoto anafagia chumba chake kwa bidii ya askari.

Mbao nazo zilikuwa na mjadala wao. Katavi ni kwenye mininga, na moyo wa mninga mchwa haumpendi kwa urahisi, lakini kabati zima la mninga lingemaliza laki nne kabla hatujanunua bawaba. Fremu na milango ikawa mninga, shelfu zikawa paini iliyowekwa dawa, mgongo plaiwudi. Tulinunua mahali wanapotoa risiti na mbao zina alama ya nyundo ya TFS. Hili msilifanyie mchezo. Mwaka 2022 mkutano wa CITES uliingiza jamii yote ya mninga ya Afrika kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa, na mkurungu ulishatangulia mwaka 2019. Mbao ya porini, ya usiku, ni rahisi leo na kesho unaijibia. Jambo jingine: kupiga randa na msasa kulifanyika nje, chini ya mwembe. Vumbi la mninga linakereketa pua na kifua vibaya sana, fundi mwenyewe alijifunga kanga usoni.

Vumbi la kiangazi hapa ni jekundu na linaingia popote, kwa hiyo milango ni lazima. Masika nayo, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, ukuta wa nje unakuwa na unyevu, na kabati lililobanwa ukutani litakutunzia ukungu kwenye kila kola. Jibu ni kuacha nafasi nyuma, inchi mbili za hewa kati ya mgongo wa kabati na ukuta, na milango kuwekewa vipande vya mlazo sehemu ya chini ili hewa ipite.

Hapa tena tukakwama, kwa sababu ambayo sikuitarajia. Fundi alipochukua nyundo kung'oa misumari ya zamani ukutani, mume wangu alimshika mkono. Ile minne. Alikuwa hajasema neno juu yake muda wote tunapima, na mimi sikujua kumbe stoo yangu ndicho kilikuwa chumba chao. "Huu ulikuwa wangu," akasema, akagusa wa mwisho kulia, wa chini kuliko yote. Fundi akaitazama, akapima, akasema imechomoza inchi moja na nusu tu. Inachukua nafasi ya hewa, haisumbui kitu. Ikabaki. Iko nyuma ya kabati hadi leo.

Usalama ndiyo sehemu ambayo nilikuwa mkali. Mwaka 2016 kampuni ya IKEA iliita makabati na madroo yapatayo milioni 29 huko Marekani baada ya watoto kufa kwa kuangukiwa. Mtoto anafungua droo, anaikanyaga kama ngazi, kabati zima linamfuata. Na hizo ni nyumba ambazo ukuta unashika skrubu! Ukuta wetu wa udongo haushiki chochote, plagi inatoka na bonge lake. Fundi akapanda darini, akashusha vipande viwili vya mbili kwa mbili kutoka kwenye kenchi hadi kichwa cha kabati, akavifunga kwa skrubu na bawaba za chuma. Nililisukuma kwa mgongo wangu wote na uzito wangu mnaujua. Halikutikisika. Nilimwita mtoto naye alisukume. Alilisukuma kwa kidole kwanza, halafu kwa mikono miwili, halafu akarudi nyuma akalitazama.

Wapangaji msikate tamaa. Ongeeni na baba mwenye nyumba kabla, muandikishane nani atabaki na nini, na mwambieni fundi atumie skrubu peke yake, misumari hapana. Siku ya kuhama linafunguka.

Bomba la kutundikia nguo tulilipima kwa mtoto mwenyewe. "Mjukuu, njoo ninyooshee mkono," mzee akamwambia, akaweka alama ya penseli pale vidole vilipofika bila kusimama kwa ncha za miguu. Juu ya hapo akatoboa matundu mengine matatu kila upande ili bomba lipande naye. Mtoto akauliza matundu yale ya juu ni ya nani. "Ya kwako," akajibiwa, "ukifika kumi na sita." Akahesabu kwa vidole. Miaka saba. Aliyarudia kuyaangalia baadaye alipodhani sisi tumeshaondoka.

Kitu kimoja tu aliomba: kufuli. Baba yake akasema hapana, mtoto wa miaka tisa anaficha nini? Mimi safari hii nilikuwa upande wa mtoto, lakini mlango mkubwa wa kabati haufai kufungwa kwa funguo, wakicheza kujificha mmoja akafungiwa ndani ni msiba. Milango ikawekewa sumaku, ukisukuma kwa ndani inafunguka. Kufuli ikaenda kwenye droo moja ya chini. Funguo zilikuja mbili, na tulizungumza usiku kucha, mimi na mume wangu, kama ya pili tubaki nayo sisi. Mazungumzo yetu marefu ya kwanza baada ya kile kimya. Asubuhi tulimpa zote mbili. Moja anaivaa shingoni kwa uzi, nyingine sijui ameiweka wapi.

Laki nne ilifika laki tano na ishirini. Vanishi ilichukua siku nne kuisha harufu, dirisha wazi, mtoto akalala sebuleni.

Siku ya kuingia sikumwambia chochote. Nilijikataza hata kupita mlangoni. Sare zilitangulia, jioni ile ile, mashati mawili na sketi kwenye henga. Wiki iliyofuata viatu vya kanisani. Gauni moja, halafu sweta. Wiki tatu zilipita. Kabati la kitambaa nimempa dada wa jirani anayeanza maisha.

Juzi nilikuwa naweka mashuka, nikafungua mlango wa juu. Begi jeusi liko huko, kwenye shelfu ya mwisho, limesimamishwa vizuri. Fundo mbili bado. Nililinyanyua kidogo tu, jepesi, lakini si tupu. Nikalirudisha kama lilivyokuwa, kamba ikiangalia mbele.